Tope la Mdomo wa Mto

Mvua ya gu ikishika Hulugho, safari husimama. Nchi ni tambarare, udongo mweusi huvimba na kunasa tairi, na maji hukaa palepale yaliponyesha kana kwamba hayajaamua pa kwenda. Mengi hunywewa na ng'ombe au hukaushwa na jua. Yanayobaki hufuata laga, yaani mito ya msimu, yakapenya msitu wa Boni kuelekea kusini-mashariki hadi Mto Dodori na hori lake lenye mikoko upande wa Lamu. Magharibi, ng'ambo ya malisho ya Ijara, kuna mto wa namna nyingine kabisa: Tana, unaoshuka kutoka Mlima Kenya na Nyandarua, ukapita Garissa na kumwagika baharini Kipini baada ya mwendo wa takriban kilomita 1,000. Mmoja una maji mwaka mzima, mwingine hukauka. Wafugaji wa upande huu wanazijua njia za kote kuwili, maana jilaal, kiangazi kikali, ikikaza, majani huanza kutafutwa kusini msituni au magharibi kwenye delta.

Kwa nini delta ibaki kijani wakati nchi nzima imegeuka vumbi? Mtu atajibu kwamba ni maji, na atakuwa amejibu nusu. Nusu ya pili iko kwenye tope: linachopokea kutoka majini, linachorudisha, na wakati linapokirudisha. Habari hiyo ina historia ndefu, na imefungamana na historia ya mto wenyewe, mabwawa yake na ugomvi wake.

Tuanze na mdomo, kwa sababu mdomo wa Tana wa leo si wa asili. Katika karne ya 19 mto uliingia baharini kusini zaidi, kwenye Ghuba ya Ungwana, mahali ambapo hori lililobaki bado linaitwa Mto Tana. Kipini ulikuwa mlango wa mto mwingine, Ozi, mfupi lakini wenye kina cha kutosha kufikisha vyombo Kau. Kati ya mito hiyo miwili palichimbwa mfereji mwembamba, Belezoni, ili mitumbwi iliyobeba mpunga na pembe za ndovu ipite bila kukabili mawimbi ya mlango wa Tana. Mto haukuheshimu nia ya wachimbaji. Kila gharika ilitafuna kingo za mfereji, mfereji ukapanuka, na karne ilipofika ukingoni sehemu kubwa ya Tana ilikuwa ikipita Belezoni na kutokea Kipini.

Wazungu walifika mto ukiwa katikati ya kuhama huko. Mjerumani Clemens Denhardt alipanda Tana mwaka 1878 pamoja na daktari Fischer. Miaka saba baadaye yeye na nduguye Gustav wakapata mkataba na Sultani Ahmed wa Witu, yule aliyeitwa Simba, na Ujerumani ikatangaza ulinzi wake. Mwaka 1890 Witu ikaangukia mikononi mwa Waingereza katika mapatano yaliyoihusu Zanzibar na kisiwa cha Heligoland. Mwaka uliofuata Kapteni Dundas akapandisha mto kwa meli ndogo ya mvuke iliyoitwa Kenia. Wote hao walikuwa na swali moja: chombo kitafika wapi kabla hakijakwama? Kwao tope lilikuwa kizuizi tu. Sitawalaumu, aliyekwama kwenye fungu la mchanga huku mbu wakimla hana nafasi ya kuuliza tope linafanya kazi gani.

Lakini Belezoni uliacha jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Pwani hiyo sasa ina midomo ya aina mbili, jirani kwa jirani. Kipini, mto unashusha maji ya kahawia mazito na kukutana na bahari. Kusini yake, kwenye mahori ya zamani kama Mto Tana na Mto Kilifi, maji matamu huja kwa nadra, na bahari ndiyo inayoingia na kutoka mara mbili kwa siku kati ya mikoko. Mtafiti akitaka kutenganisha kazi ya mto na kazi ya bahari, hapo ameandaliwa tayari.

Huku bara, mipaka ilikuwa ikichorwa kwa namna nyingine. Wasomali walikuwa wamekwisha kuvuka Juba katika karne ya 19 na kusukuma malisho yao hadi karibu na Tana. Serikali ya kikoloni ikaweka mstari wa kuwatenga na Waorma, ambao iliwaita Wagalla. Mwaka 1925 Uingereza ikaikabidhi Italia nchi ya Jubaland, na Hulugho, iliyokuwa katikati ya malisho, ikajikuta pembezoni, mpaka ukiwa mashariki yake. Upande mmoja mstari wa dola, upande mwingine mto. Njia za kufikia maji, zile malka zinazokata mashamba ya Wapokomo hadi ukingoni, zikawa na thamani kuliko zamani, na jambo hilo lingali likiamuliwa kwa maneno makali hadi leo.

Wakati huohuo, mbali sana na hapa, mtu mmoja alikuwa akitazama tope ndani ya matangi ya kioo. Clifford Mortimer, Mwingereza, alichota tope kutoka maziwa ya kaskazini mwa Uingereza, akalifunika kwa maji, na kuliacha tangi moja lipate hewa huku lingine likinyimwa. Matokeo aliyachapisha mwaka 1941 na 1942, vita vikiendelea. Palipokuwa na hewa, uso wa tope ulibaki na utando mwembamba wa kahawia, kutu ya chuma kwa hakika, na utando huo uliinasa fosfati isitoke. Hewa ilipokwisha, chuma kiliyeyuka, utando ukapotea, na fosfati pamoja na amoniamu vikapanda majini. Jambo dogo la milimita chache, lakini lilipindua fikra: tope si mahali vitu vinapozikwa. Ni ghala lenye mlango, na hewa ndiyo ufunguo.

Kwenye mdomo wa mto mambo huwa magumu zaidi kuliko ziwani, kwa sababu ya chumvi. Simama kwenye hori maji yakiwa yamepwa, chini ya mchu, aina ya mkoko, ukalitoboe tope kwa bomba la plastiki lenye urefu wa mkono mmoja. Ukilichomoa utaona juu kabisa ngozi ya rangi ya udongo, nyembamba kuliko ukucha. Chini yake rangi inakuwa kijivu, kisha nyeusi, na harufu ya yai viza inakupanda puani. Hiyo ni kazi ya bakteria. Oksijeni inapowaishia hutumia salfati, ambayo maji ya bahari yamejaa tele, na kutoa salfaidi. Salfaidi nayo hushikana na chuma, ndiyo maana ya weusi ule. Chuma kikishatwaliwa na salfaidi, fosfati haina tena wa kuishika, na inaanza kupanda. Naitrojeni ina safari yake: mabaki ya majani yakioza hutoa amoniamu, karibu na uso penye hewa bakteria wengine huigeuza nitrati, nitrati ikizama tena penye giza huliwa, na sehemu yake inatoka kama gesi na kurudi angani, imepotea kwa mto na kwa samaki pia.

Mizizi na kaa huvuruga mpangilio huo, na hapo ndipo uhai wa pwani ulipo. Mchu huchomoza vijiti vyake vya kupumulia kutoka topeni na kuteremsha hewa hadi penye weusi. Ukikata tope kandokando ya mzizi utaona ukingo wa kutu katikati ya nyeusi. Kaa wanachimba matundu, wanaburuta majani yaliyoanguka na kuyaficha chini, na kila maji yakijaa matundu hayo hushiba. Yakipwa, maji yaliyokaa ndani ya tope hutiririka taratibu kurudi horini, yakiwa na kila kitu yalichookota humo: amoniamu, fosfati, silika, kaboni. Siku za bamvua mabadilishano haya huwa makubwa, maji mafu yakija hupungua.

Wamarekani ndio walioanza kuuliza hesabu yake ni kiasi gani. Mwaka 1962 John Teal alichapisha hesabu ya kinamasi cha chumvi cha Kisiwa cha Sapelo, Georgia, na kukadiria kwamba karibu asilimia 45 ya chakula kilichozalishwa humo hutoka na maji kwenda kuwalisha viumbe wa nje. Eugene Odum akaichukua hoja hiyo mwaka 1968 na kuieneza: vinamasi hulisha bahari. Ilikuwa hoja nzuri, ikawasaidia watetezi wa vinamasi kwa zaidi ya muongo. Kisha mwaka 1980 Scott Nixon akapekua tafiti za miaka 20 na kuonyesha kwamba hesabu hazilingani. Vinamasi vingine hutoa, vingine hupokea, vingine hutoa naitrojeni ya namna moja na kuvuta ya namna nyingine katika mwezi uleule. Kila hori lina daftari lake, na lazima lipimwe.

Katika miaka hiyohiyo Kenya ilikuwa ikiufunga Tana. Bwawa la Kindaruma lilikamilika 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Masinga ndilo lililoleta mabadiliko makubwa kwa watu wa chini, maana linaweza kushika zaidi ya mita za ujazo bilioni 1.5, maji ya kutosha kuubadili mwenendo wa mto. Kabla yake, gu ilileta gharika ya Mei na deyr, mvua za vuli, ikaleta ya Novemba, na mto ulifurika hadi mashambani. Baada yake vilele vya gharika vilishuka na maji ya kiangazi yakapanda kidogo. Mhandisi wa umeme ataliita jambo hili mafanikio. Mpokomo anayepanda mpunga kwenye tope lililoachwa na mafuriko, na Muorma anayesubiri majani yaote maji yakishuka, wana neno lingine.

Hofu iliyofuata ilikuwa ya busara: mabwawa yakinasa mashapo, delta itanyimwa tope na bahari itakula ufuko. Ndivyo ilivyotokea kwenye mito mingi duniani, na kila mtu aliyaandikia hivyo mabwawa ya Tana. Kati ya 2012 na 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, pamoja na Wakenya, walipima mto huu kwa mfululizo huko Garissa na chini yake. Walichokikuta kiliwashangaza wengi: mzigo wa mashapo wa Tana ya chini haukuonyesha kupungua ukilinganishwa na kabla ya mabwawa. Mto unatoka mabwawani ukiwa mweupe na wenye njaa, kisha unajishibisha njiani kutoka kingo na kitanda chake mwenyewe, na ukifika Garissa umerudi kuwa uji. Tope linakuja. Kilichobadilika ni nafasi yake ya kupanda juu ya kingo na kulala kwenye uwanda.

Tofauti hiyo nadhani ndiyo kiini cha mambo, na haipewi uzito inaostahili. Tope linalopita moja kwa moja kwenye mkondo hadi Kipini ni tope ambalo halikupata kulala. Kwenye uwanda lingekauka, lingepasuka, chuma chake kingeota kutu na kuishika fosfati. Gharika inayofuata ingelilowesha, hewa ingekwisha, na fosfati ingetoka kwa wakati mbegu inapoihitaji. Kulowa na kukauka ndiko kunakolifungua na kulifunga ghala. Kipimo cha tani za mashapo hakionyeshi hilo.

Bahari nayo ilipata wapimaji wake. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, iliyoanzishwa 1979, ilishirikiana na Wabelgiji na Waholanzi katika Ghuba ya Gazi, kusini mwa Mombasa, na kuifanya kuwa mahali palipochunguzwa sana kuliko mikoko mingi ya Afrika. Mwaka 1994 mtafiti Hemminga na wenzake walionyesha kwamba kaboni ya mikoko ya Gazi hutoka kweli, lakini haiendi mbali: hunaswa na majani ya bahari yaliyo mbele yake, na matumbawe hupata kidogo. Tena maji yakijaa, mabaki ya majani ya bahari husukumwa kurudi mikokoni. Mkondo wa njia moja alioueleza Odum haukuonekana Gazi. Mikoko na nyasi za chini ya maji hupeana na kunyang'anyana.

Aprili 2004 kundi la mtafiti Steven Bouillon lilifika Tana yenyewe na kupima mto, mdomo na mahori ya delta. Septemba 2005 likawa Ras Dege, kusini mwa Dar es Salaam, kwenye hori lisilopata mto wowote. Walipima saa 24, maji yakijaa na kupwa, usiku na mchana. Chumvi ilikuwa kali zaidi maji yalipopwa kabisa, kinyume na mazoea ya mdomo wa mto. Maelezo yake ni jua pamoja na maji ya ndani ya tope: yaliyopunguzwa na jua juu ya uwanda na kukaa kati ya mizizi yalikuwa yakivuja kurudi horini, yakiwa na chumvi nyingi. Yule anayetaka kujua Dodori hufanya nini wakati wa jilaal, laga zote za Hulugho zikiwa mchanga mtupu, asome Ras Dege. Hori halilali kwa sababu mvua haijanyesha. Bahari huingia, hulishibisha tope, hulikamua na kuondoka na kilichoyeyuka.

Nchi kavu ilionja nguvu ya udongo uliolowa kwa namna ya kutisha zaidi. El Niño ya mwishoni mwa 1997 ilileta mafuriko makubwa Garissa. Mradi wa mpunga wa delta, uliojengwa kwa fedha za Japani, ulibomolewa matuta yake. Kwenye madimbwi ya bara mayai ya mbu yaliyokuwa yamelala udongoni yakaanguliwa, na homa ya Bonde la Ufa ikawaangamiza mifugo na kuua watu. Makadirio ya walioambukizwa wilaya ya Garissa peke yake yalifika 27,500. Mvua za mwishoni mwa 2006 zikairudisha, na Ijara ikawa miongoni mwa maeneo yaliyoumia. Mzee wa Hulugho akiiangalia mvua kubwa kwa shangwe na wasiwasi kwa pamoja, ana sababu.

Delta nayo ilipata mwaka wake mbaya. Kuanzia Agosti 2012 mapigano kati ya Wapokomo na Waorma yaliua zaidi ya watu 100, wengi wao katika majuma machache. Siasa ya uchaguzi uliokuwa unakuja ilichochea, na silaha zilikuwapo. Lakini mahali palipowaka palikuwa palepale penye majani na tope: mashamba ya mafuriko na njia za kuyafikia maji. Septemba hiyohiyo delta, hekta 163,600, ikaandikishwa kuwa ardhioevu ya umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Walioiandikisha delta na waliozika wafu wao katika kijiji cha Riketa walikuwa wakizungumzia ardhi moja.

Dodori haujafungwa kwa bwawa lolote, na hifadhi zake mbili, Boni upande wa Garissa na Dodori upande wa Lamu, zilitangazwa 1976. Hori lake linajulikana kwa nguva, mnyama anayekula majani ya bahari na kuhitaji maji tulivu ya kuzalia. Majani hayo hula kutoka topeni, kupitia mizizi yake, na kwa hiyo nguva ni mteja wa mwisho wa mabadilishano niliyoyaeleza. Kusini yake, Ghuba ya Manda, bandari mpya ya Lamu ilichimbuliwa na gati lake la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Wavuvi walikwisha kwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.76. Tope la chini likivurugwa kwa mashine, kile kilichofungwa kwa miaka hutoka kwa mkupuo, na mwanga haufiki tena kwenye majani.

Kule Kipini, wakulima wa Ozi walikuwa na ujuzi wao wa zamani ambao hakuna chuo kilichowafundisha. Bamvua ikisukuma kutoka baharini, maji matamu ya mto hurudi nyuma na kupanda mifereji hadi kwenye mashamba ya mpunga. Bahari ilikuwa pampu yao, na haikudai mafuta. Ujuzi huo unategemea mto uwe na nguvu ya kutosha kuiweka chumvi mbali. Miaka ya karibuni mto ukiwa dhaifu, pampu ileile huleta maji ya chumvi, na mpunga na miembe ya Ozi hufa. Chumvi ikiingia kwenye udongo wa mfinyanzi huisukuma amoniamu iliyokuwa imeshikwa humo, na salfati yake inawapa bakteria kazi mpya. Shamba linapoteza rutuba kwa mkondo uleule ulioijenga. Mipango ya bwawa lingine kubwa, High Grand Falls, imekuwa mezani kwa miaka. Wakulima wa Ozi wangependa kuulizwa kuhusu gharika ya Mei, wafugaji wa Hulugho wangependa kuulizwa kuhusu majani ya jilaal, na ni swali lilelile.